Mtihani wa Friji

Walimwita Milimita. Jina lilimganda siku alipokataa kupokea mzigo mzima wa karatasi za viberiti kwa sababu mstari mwekundu wa pembeni ulikuwa umehama kwa milimita moja. Mpiga chapa, mtu mnene mwenye masihara, alimwuliza ni nani duniani atakayeiona milimita moja kwenye kiberiti cha kuwashia jiko. "Mimi," alijibu, akakaa juu ya stuli na kukunja mikono mpaka mashine ilipowashwa upya. Tangu hapo jina la kwenye cheti chake likabaki la kujazia fomu.

Sasa alikuwa na miaka hamsini na sita, na milimita zilikuwa zimemla. Zilimla macho, yakataka miwani mbili, moja ya kompyuta na nyingine ya kuitazamia dunia. Zilimla shingo, ikawa inalia kama bawaba kila alipogeuka. Na uchovu wake haukuwa ule unaoondoka kwa kulala. Alilala nao, akaamka nao, wakapiga mswaki pamoja.

Alifanyia kazi chumba cha nyuma. Nusu ya chumba ilikuwa yake na nusu ya mke wake, mshonaji wa sare za shule, na mpaka baina yao ulikuwa kamba ya kutundikia vitambaa. Upande huu kompyuta inanguruma kama paka mgonjwa, upande ule cherehani. Cherehani ikikimbia, meza ya Milimita ilitetemeka na mstari aliotaka unyooke ukapinda. Kwa hiyo walijifunza kupokezana: mke akishona pindo, yeye anakunywa chai, yeye akichora, mke anakata nyuzi. Ndoa yao, alipenda kusema mke, ilidumu kwa sababu hawakuwahi kufanya kazi wakati mmoja.

Miaka thelathini alichora vifungashio. Alichora pakiti za chumvi, maboksi ya sabuni ya unga, mifuko ya njugu, mirija ya dawa ya meno. Alichora sumu ya panya, yenye fuvu jeupe kubwa kama sahani juu ya karatasi nyeusi, na mpaka leo ilikuwa ikiuzwa vilevile. Watu husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Milimita alijiona kuwa yeye ndiye miguu ya hicho kibaya. Ni jambo la ajabu, na ukilifikiria sana ni la kukasirisha, kwamba watu wanazungukwa na kazi ya mikono ya mtu mmoja tangu wanapopiga mswaki mpaka wanapozima taa, na hakuna hata mmoja anayejua kama mtu huyo yupo. Pakiti inachanwa, chumvi inamiminwa, pakiti inatupwa. Hakuwa mtu wa kulalamika, lakini kitu kimoja alikitaka kabla macho hayajamwishia kabisa: achore kitu kimoja kizuri, ambacho mtu akimaliza kilichomo atasita kukitupa.

Kisha akaja Mwalimu.

Mwalimu alikuwa amefundisha kemia miaka kumi na minne kabla ya kuacha chaki na kufungua baa yenye mtambo wake yenyewe wa kukeneka pombe kali. Mtambo ulikuwa wa shaba, tumbo lake pana kama chungu cha harusi na shingo ndefu iliyopinda, na ulisimama nyuma ya ukuta wa kioo ili wanywaji waone kinywaji chao kikipanda mvuke na kushuka matone. Kwenye kaunta pombe hiyo ilichanganywa na maji ya matunda na viungo kuwa kokteli, na watu walipanga foleni. Sasa Mwalimu na mshirika wake walitaka kokteli hizo zitoke nje ya baa. Zitiwe kwenye makopo, ziuzwe madukani, mtu anywe akiwa kwake. Wangeanza na aina tatu: chungwa na tangawizi, pasheni, na ndimu. Milimita angeanza na chungwa, na likikubaliwa angepewa mbili zilizobaki.

Wiki sita zilizofuata hazikuwa na tofauti na kazi nyingine yoyote. Alipeleka mchoro wa kwanza, Mwalimu akaupenda, mshirika akasema jina la baa likuzwe. Akalikuza. Mshirika akasema sasa linapiga kelele. Akalipunguza. Mchoro wa tano ulirudi ukiwa na neno moja, "Uongezewe uhai," na Milimita alikaa mbele ya kompyuta asubuhi nzima akijiuliza uhai unapimwa kwa kipimo gani. Alipofika mchoro wa tisa mke wake alimwuliza kutoka ng'ambo ya kamba kama bado ni lile chungwa. Akajibu kwamba ndilo, ila sasa linamtazama yeye.

Aliyemtoa kwenye tope hilo ni mama mkwe wake, naye hakujua kama amemtoa.

Bibi huyo alikuwa na miaka sabini na mbili, na alihamia kwao tangu mtoto wa jicho alipoanza kuyafunika macho yake, akisubiri siku ya kufanyiwa upasuaji. Milimita na mama mkwe waliishi kwa heshima kubwa na maneno machache. Yeye alikohoa kabla ya kuingia sebuleni ili mama ajitengeneze kitini. Mama naye hakuwahi kumtuma kitu moja kwa moja, alimtuma binti yake amtume. Kila siku baada ya chakula cha mchana bibi alikaa dirishani na kisu kidogo akamenya chungwa. Alilimenya kwa kamba moja, kuanzia kichwani hadi kitakoni, bila kukata, macho akiyaelekeza nje kwenye mwanga ambao hakuuona vizuri. Vidole vilijua njia. Ganda liliteremka likining'inia kama utepe, na lilipomalizika alilikunja upya kwa kiganja likawa tena chungwa, tupu ndani.

Milimita alikuwa ameliona jambo hilo mara mia. Siku hiyo alisimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi mpaka chai ikapoa.

Mchoro wa kumi ulikuwa ule utepe. Ulianzia juu ya kopo, ukalizunguka mara tatu ukiteremka, rangi ya chungwa kwa nje na nyeupe ya krimu kwa ndani, kila kitundu cha ganda kimechorwa. Ugumu ulikuwa kwenye maungio. Lebo ya kopo huchapwa ikiwa bapa kama shuka, kisha huzungushwa, na mwisho wake mmoja hulalia mwingine kwa milimita tano. Kila mchoraji hupitisha maungio hayo mahali pasipo na kitu, kwa sababu hakuna anayethubutu kukutanisha michoro pale. Milimita aliukutanisha utepe mara tatu, na mtu alipolizungusha kopo hakuona ulipoanza wala ulipoishia.

Lilikuwepo tatizo dogo. Kinywaji chenye kileo lazima kisemwe kuwa kina kileo, ndivyo sheria ilivyotaka, lakini sheria haikusema neno hilo likae wapi. Kwenye michoro ya mwanzo Milimita alikuwa ameliweka mbele, chini ya jina. Sasa lilikaa katikati ya utepe kama nzi kwenye maziwa. Hakuna aliyemwambia aliondoe. Mwalimu hakusema, hata mshirika mwenye midomo hakusema. Ni yeye mwenyewe, kwa mkono wake na kwa kuupenda utepe wake, aliyelishika neno lile akalipeleka nyuma, jirani na mistari myeusi inayosomwa na mashine ya dukani, akalipunguza mpaka likatosha.

Mwalimu alipouona mchoro aliukunja mviringo, akauzungusha. Kisha akampigia mshirika wake simu, na mshirika, kwa mara ya kwanza, hakuwa na la kuongeza. Kilichobaki ni sahihi ya mchoraji kwenye nakala ya mwisho, Ijumaa, kiwandani kwa mpiga chapa. Bila sahihi hiyo mashine haiwashwi.

Lakini Milimita hakutia sahihi kazi yoyote kabla ya mtihani wa friji.

Ulikuwa ni utaratibu wake wa tangu ujana. Alitengeneza mfano mmoja wa kile alichokichora, akauweka nyumbani mahali ambapo kitu hicho hukaa, katikati ya vitu vingine, bila kumwambia mtu. Kisha alingoja. Mkono wa mtu wa nyumbani ukienda kwenye mfano huo wenyewe, bila kufikiri, kazi imepita. Mkono ukipita kando, anarudi mezani. Boksi la sabuni lilipita siku ya pili, mke wake alipotia kwenye beseni la mashuka vikombe viwili vya mchanga, na jambo hilo lilikuwa bado likikumbushwa kila walipogombana. Mifano yote ilikuwa mitupu, au ya mchanga, au ya karatasi. Hili la sasa lilikuwa tofauti, maana kopo tupu ni jepesi na mkono hautulii juu yake. Mwalimu alikuwa amempa makopo matatu yaliyojaa, ya rangi ya fedha, yasiyo na lebo. Milimita alilivisha moja lebo yake, akalipangusa, akaliweka friji rafu ya katikati, kati ya maziwa na nyanya. Mawili akayafungia kabatini. Aliwaza kuwaambia. Akawaza pia kwamba ukimwambia mtu, hakuna tena mtihani. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumatano mchana mke alikwenda kupeleka sare shuleni, na Milimita akaenda kwa mpiga chapa kutazama rangi. Alisimama kando ya mashine kwa saa mbili wakibishana kuhusu nyeupe inayowekwa chini ya rangi ya chungwa ili alumini isichungulie, akarudi nyumbani akiwa ameshiba harufu ya wino. Alikohoa sebuleni kama kawaida. Hakusikia kiti kikisogezwa.

Mama mkwe wake alikuwa amejilaza kitini, kilemba kimeteleza hadi sikioni, redio inaongea peke yake. Kopo lilikuwa kwenye stuli, kifuniko chake kimefunguliwa.

"Mkwe," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwita moja kwa moja, "umerudi mapema, au mimi ndiye niliyechelewa?" Kisha akacheka. Milimita hakuwa amewahi kumsikia akicheka vile, kicheko cha msichana aliyefichwa nyuma ya mlango. Bibi alimwambia kwamba siku zote amekuwa akitaka kumweleza kwamba kikohozi chake kinatisha kuku, na kwamba binti yake angeweza kuolewa na mtu mwenye mabega, lakini mabega hayapiki chai. Alimwambia hilo chungwa lake zuri sana, ila mtu aliyelitia tangawizi hakuwa na kipimo. Milimita alikimbilia kopo, akalitikisa. Halikuwa na tone.

Alimwuliza kama amekula. Hajala, hakuwa na hamu. Amemeza vidonge vyake vya presha? Alivimeza saa sita, kama daktari alivyosema. Akataka kuinuka ili amwoneshe kikasha cha vidonge. Miguu ikamkataa, na Milimita, aliyekuwa hatua tatu kutoka kwake na ambaye hakuwahi kumgusa hata kwa kumpa mkono, hakumfikia kwa wakati. Bibi alianguka kwa kiganja.

Jirani mwenye gari aliwapeleka zahanati. Daktari, binti mdogo mwenye macho ya mtu aliyekuwa zamu tangu jana, alipima presha mara mbili na hakuipenda. Akauliza mama amekunywa nini. Wakati huo mke wa Milimita alikuwa amefika, bado na futi ya kupimia shingoni, na wote wawili wakamtazama Milimita, na bibi naye akageuza uso kuelekea pale alipodhani yupo. Angeweza kumnong'oneza daktari nje. Alisema palepale. Alisema ni pombe kali, iliyochanganywa na maji ya chungwa, kopo zima.

Bibi aligeuzia uso ukutani. Mume wa bibi huyu alikuwa mlevi. Aliinywa nyumba, akaunywa mwaka wa masomo wa watoto, akamalizikia mtaroni, na mjane wake alisema siku ya mazishi kwamba kitu kile hakitapita kooni mwake mpaka afe. Hata kwenye arusi ya binti yake hakugonga glasi, watu wakamwona mshamba. Hakuwa na mali wala kisomo. Alikuwa na neno lake tu.

Mke wa Milimita hakumpigia kelele. Alimtoa hadi kwenye korido, akasimama karibu na ndoo ya kudekia, akamwambia polepole, kama mtu anayempima nguo: "Baba watoto, ile ni nyumba. Si duka."

Mkono wa bibi haukuvunjika, uliteguka. Walimlaza siku moja presha itulie, wakamrudisha Alhamisi asubuhi na bandeji hadi kwenye kiwiko. Mke alikwenda kumtafutia uji. Milimita alibaki mlangoni pa sebule. Hakukohoa.

"Najua upo hapo," alisema bibi. "Kaa."

Alikaa kwenye stuli ileile. Akaomba radhi, kwa maneno aliyokuwa ameyapanga usiku kucha na ambayo sasa yalitoka yakiwa yamepinda. Bibi alimngoja amalize. Hakuonekana kuwa na hasira, alionekana amechoka, na Milimita akautambua uchovu ule kama mtu anavyotambua shati lake kwenye kamba ya jirani.

"Sisomi vizuri siku hizi, unajua. Rangi ndizo zinanibakia. Nikafungua friji, nikaona chungwa limemenywa kama ninavyomenya mimi. Nikasema, mkwe kaniletea juisi, kaweka na ganda langu juu nisihangaike." Akaushika mkono wake mbovu kwa ule mzima. "Ile sumu ya panya uliyoichora, naijua hata gizani. Umeweka fuvu. Panya hajui fuvu, mwanangu. Lile fuvu ulilichora kwa ajili yangu mimi, nisikosee. Sasa hili la chungwa, mbona hukunionya?"

Sheria ilikuwepo, na neno lilikuwepo, urefu wa milimita mbili, jirani na mistari myeusi. Milimita alikuwa amelipima mwenyewe.

Alikwenda chumba cha nyuma, akafungua mchoro. Mke aliingia, akamwona, akakaa upande wake wa kamba na mikono mapajani. Hakuigusa cherehani siku nzima. Milimita alijaribu kuliweka neno juu, likakosa nafasi. Alijaribu kuliweka chini, mkono wa mtu ukilishika kopo unalifunika. Alijaribu kulipitisha ndani ya utepe kwa herufi za krimu, likapendeza sana, na alipovua miwani likatoweka. Mwisho alifanya alichojua tangu asubuhi kwamba atakifanya. Alivuta bendi nyeusi kutoka ukingo hadi ukingo, katikati ya kopo, pana kama vidole vitatu. Juu yake akaandika POMBE kwa herufi nyeupe, nene, zisizo na urembo, herufi za mtu anayepaka rangi kwenye geti. Bendi ilipita juu ya utepe mahali ulipokuwa mzuri kuliko kote. Alivua miwani, akarudi nyuma mpaka ukutani. Utepe haukuonekana tena. Neno lilionekana.

Ijumaa walikutana kwenye baa kabla haijafunguliwa, viti vikiwa bado juu ya meza. Mwalimu aliliweka kopo jipya kando ya lile la zamani kwenye kaunta, akayatazama yote mawili kwa muda mrefu. Milimita alimweleza yote, hata lile la mabega. Mwalimu alimpa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Kisha akasema lilikuwa bahati mbaya. Akasema sheria hailazimishi hili. Akasema kila mchana watu wazima wenye macho yao wananunua vinywaji na wanajua wanachonunua, na kwamba mtu hawezi kuchorea dunia nzima kwa sababu ya bibi mmoja.

"Kule maabara," Milimita akamwuliza, "chupa ya asidi uliandika wapi kwamba ni asidi?"

Mwalimu alilitupia jicho kopo la zamani.

"Nyuma? Kwa herufi ndogo, ili chupa ipendeze?"

Nyuma ya kioo mtambo wa shaba ulikuwa umezimwa, na tone moja lililobaki shingoni likaanguka. Mwalimu aliliokota kopo la zamani, akalizungusha kwenye vidole, akaufuata utepe pale miisho yake ilipokutana. Alisema kwamba hili lilikuwa kopo zuri kuliko yote aliyowahi kuyaona. Milimita akasema anajua. Mwalimu akasema mshirika wake atamla nyama. Milimita akasema anajua hilo pia, na kwamba yeye sahihi yake kwenye lile la zamani haitoi. Atakayeutaka utepe bila bendi atafute mchoraji mwingine na achore utepe mwingine.

Mwalimu aliinama juu ya kaunta kama mtu anayesahihisha madaftari. Alimpigia mshirika, wakazungumza muda mrefu, simu ikipiga kelele hadi kwenye meza za nyuma. Alipokata, alileta habari akiwa ametazama pembeni. Chungwa litoke na bendi, kwa kuwa tarehe imeshatangazwa na hakuna muda. Pasheni na ndimu zitakwenda kwa kijana mmoja anayechora haraka, na mshirika ameshampigia. Neno pombe huko litakaa pale sheria inapotaka.

"Yaani popote," alisema Milimita.

"Yaani popote," alikubali Mwalimu, na hakuonekana kufurahi.

Milimita hakugombana. Ingekuwa miaka ishirini nyuma angegonga kaunta. Alikuwa ameokoa kopo moja kati ya matatu, na kulichafua ndiko kulikoliokoa, na huo ndio ulikuwa ushindi wake wote. Aliomba kitu kimoja, kwamba asitie sahihi leo. Mwalimu akamkumbusha tarehe. Milimita akamwomba mpaka Jumatatu, akapewa.

Nyumbani alilitoboa kopo lililobaki kabatini, akamimina pombe yake kwenye sinki huku bomba likiwa wazi mpaka harufu ikaisha, akalisuuza, akalijaza maji. Alilivisha lebo mpya. Safari hii alimwambia mke wake, naye akayaonja maji yale kwa ncha ya ulimi kabla ya kumruhusu azibe tundu na kuliweka friji. Kwa bibi hawakusema kitu. Mke ndiye aliyetaka iwe hivyo. Alisema kama mama atalichukua tena, basi kazi haijaisha, na Milimita akaona kwamba miaka yote ile, ng'ambo ya kamba, mke wake alikuwa akijifunza kazi.

Jumamosi mkono wa bibi haukwenda popote, alilala. Jumapili mchana aliomba chungwa, akajaribu kulimenya kwa mkono mmoja akilibana magotini, ganda likakatika mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaliweka chini na kutazama dirishani. Kisha akainuka taratibu, akishika ukuta, akaenda jikoni. Milimita na mke wake walikuwa mezani. Hawakutazamana.

Friji ilifunguliwa. Mkono mzima uliingia, ukapita juu ya nyanya, ukafika kwenye rangi ya chungwa na kutua. Bibi alilitoa kopo, akaligeuza kuelekea mlangoni penye mwanga, akalisogeza karibu na uso mpaka pua ikakaribia kuligusa. Akalipeleka mbali. Midomo yake ikaanza kutembea, herufi moja, ya pili, kama mtoto wa darasa la kwanza mbele ya ubao.

"Po-mbe," alisema.

Alilirudisha mahali pake. Akachukua maziwa, akaifunga friji kwa nyonga, na alipowapita mezani alisema bila kugeuza kichwa kwamba lina maji, amelisikia linavyocheza, wasimwone mtoto.

"Lina maji, mama," alisema Milimita.

"Na limeharibika. Lile ganda nimelitafuta silioni."

"Lipo chini ya neno."

Bibi alifikiri. "Hapo sawa," alisema, akaendelea na safari yake ya kwenda kitini, polepole, maziwa yakitikisika kwenye chupa.

Jumatatu Milimita alisimama kwa mpiga chapa, akashusha miwani ya kompyuta, akavaa ya dunia. Aliipima bendi kwa rula, upande wa kushoto na wa kulia. Mpiga chapa, aliyeiona kazi ya awali na kuipenda, alimwuliza ni nani aliyeiharibu kazi nzuri namna hii.

"Mimi," alisema Milimita, akatia sahihi.